Usifute Xorg kabla Wayland haijakufanyia kazi

Mkuu, simama hapo hapo, usiguse Xorg. Xorg (ndiyo hiyo X11) ni mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini ya Linux, na Wayland ni mpya wa kazi hiyo hiyo. Unasema kompyuta ya stationery yako Masasi ina kadi ya picha ya Nvidia GT 710, Ubuntu 24.04, maandishi yana ukungu kwenye skrini ya pili, na fundi kakwambia ufute Xorg kwanza ndipo Wayland ikae vizuri. Huyo fundi anakutafutia hasara.

Ushauri huo huo nilipewa na jamaa mmoja wa video: "X11 ni ya 1987, itoe." Stationery yetu hapa Mtwara mjini ilikuwa na kadi ya GT 610, draiva ya Nvidia 390. Kwa draiva hiyo GDM, programu ya ukurasa wa kuingia, inaizima Wayland yenyewe, wala haikuulizi. Sasa Xorg imeshatolewa, Wayland imezimwa, desktopu itawakia wapi? Skrini nyeusi, kistari kinapepesa kona ya juu kushoto. Na huo ni msimu wa korosho! Makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wamejaa barazani, flashi mkononi, wanataka orodha zao zichapwe. Mmoja mmoja wakavuka barabara kwenda duka la jirani. Video ya yule bwana mpaka leo ipo, watu wanamshukuru, na hakuna mahali amesema angalia kwanza kadi yako. Inaniuma sana.

Tuliokolewa na Ctrl+Alt+F3, inayofungua skrini ya kuandika amri tupu, simu tukaichomeka kwa waya ipatikane intaneti, tukarudisha xserver-xorg, ubuntu-desktop na draiva. Bando likakata katikati.

Xorg na Wayland vinakaa pamoja kwenye diski bila ugomvi wowote. Ukurasa wa kuingia, bofya jina lako, gia inatokea chini kulia, chagua Wayland. Ukiingia, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE` uhakikishe inajibu wayland. Kisha piga kazi zote za duka humo: printa, skana, hata yule anayekusaidia akiwa mbali, maana x11vnc, programu ya kuangalia skrini kutoka mbali, haiioni skrini ya Wayland. Kitu kikigoma, toka, rudi Xorg, hudumia wateja.

Kadi yako yenyewe inaishia draiva 470, na GBM, njia ambayo Wayland huitumia kupitisha picha kwenye kadi, Nvidia waliiweka kuanzia 495, mwaka 2021. Kwa hiyo mimi ningebaki Xorg. Na usipande Ubuntu 25.10, GNOME (desktopu) yake haina tena Xorg ya kurudia; 24.04 inahudumiwa hadi 2029. Siku yoyote apt, amri ya kuweka na kutoa programu, ikikuorodheshea vitakavyoondolewa ukaona ubuntu-desktop imo, andika n, yaani hapana.