Mimea ya tangi la samaki: kata kidogo kidogo, usikate yote siku moja

Asubuhi moja nilikuta samaki wangu wote wamejikusanya juu kabisa ya maji, vinywa wazi, wanahema. Kichujio kilikuwa kinafanya kazi, maji yalikuwa maangavu, wala hakuna samaki aliyeonyesha dalili ya ugonjwa. Tatizo lilikuwa mimea. Kwa wiki kama sita sikuwa nimeigusa kwa sababu niliupenda ule ukijani, nayo ilikuwa imefika juu, ikajikunja na kutanda usoni pa maji kama mkeka. Mchana mimea hutoa oksijeni, lakini usiku haitoi, na yenyewe inaitumia kama samaki wanavyoitumia. Tangi likishonana namna ile, oksijeni huwa imeshuka sana kufikia alfajiri.

Nikashika mkasi kwa hofu na kukata karibu kila kitu siku ileile. Samaki walipona. Wiki mbili baadaye vioo vilikuwa vimejaa mwani, na nyuzi za kijani zimejizungusha kwenye mabaki ya mashina. Ilinichukua muda mrefu kuuondoa, kwa hiyo naandika haya ili wewe usipitie huko.

Mimea inayokua haraka ndiyo inayokula taka za samaki. Amonia na nitrati zinazotokana na kinyesi na chakula kilichobaki ndizo mbolea yake. Ukiiondoa yote kwa mkupuo mmoja, chakula kinabaki majini, mwanga unabaki vilevile, na mwani ndio unaopata karamu. Siku hizi nagawa tangi sehemu tatu: wiki hii nakata kona ya kushoto, wiki ijayo katikati, kisha kulia, halafu narudi nilikoanzia. Ukifanya hivyo, wakati wote kuna majani ya kutosha yanayofanya kazi.

Sasa mkasi upite wapi? Tazama kwa karibu shina la Hygrophila au Rotala, mimea ya majini yenye mashina marefu. Utaona vifundo, pale majani yanapochomoza. Kata juu kidogo ya kifundo, si katikati ya nafasi tupu iliyo kati ya vifundo viwili, kwa sababu kile kipande kitupu huoza tu. Ncha ya mmea hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoshuka na kuvizuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Ukiiondoa ncha, vichipukizi hivyo vinaachiliwa, na shina moja linatoa mawili, pengine zaidi. Hivyo ndivyo kichaka kizuri kinavyopatikana. Anayetaka mmea mnene akauacha urefuke tu atapata mashina yenye majani juu na uchi chini, kwa kuwa majani ya juu yameufunika mwanga.

Mkasi uwe mkali. Mkasi butu hauikati shina bali hulibana na kulisaga, na pale palipopondeka ndipo uozo unapoanzia.

Zile ncha ulizokata usizitupe, maana ndizo sehemu changa na zenye nguvu kuliko zote. Chagua zenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya vifundo viwili vya chini, kisha zichomeke mchangani kwa kibano, moja moja, zikiachana sentimita mbili au tatu. Wengi huzifunga fungu moja na kulipanda hivyo hivyo. Sikushauri: za katikati hukosa mwanga na kuoza. Kibano kiingie kwa mshazari, ukiachie, ndipo ukitoe taratibu, la sivyo kinatoka na mmea wako. Ncha chache zitang'oka na kuelea siku za mwanzo. Zirudishe tu, mizizi itashika.

Shina lililokatwa mara tatu au nne huchoka. Linakuwa la kahawia, vichipukizi vyake vinakuwa vyembamba. Hapo naling'oa na kupanda ncha mpya mahali pake. Ling'oe polepole, kwani mizizi huibua uchafu mwingi. Baada ya kazi hiyo mimi hubadilisha maji kama theluthi moja na kuokota kila jani linaloelea kabla halijaziba kichujio.

Si kila mmea unakatwa hivyo. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, ukiikata katikati ya jani, sehemu ile hugeuka kahawia na haipendezi. Ondoa jani zima kutoka chini, na uyapunguze machipukizi inayoyatuma chini ya mchanga. Ceratophyllum haina mizizi, hivyo inaelea tu, na kazi yako ni kumega vipande na kuvitoa. Anubias inakua polepole mno, iache, iondolee jani la zamani tu likishaharibika.

Kuhusu mwanga, saa nane kwa siku zinatosha, na swichi ya saa inasaidia kuliko kumbukumbu yako. Kuhusu mbolea, majani yenyewe yatakueleza. Ya zamani yakigeuka njano, aghalabu nitrojeni imepungua. Yakitoboka vitundu vidogo, fikiria potasiamu. Majani mapya yakitoka yamepauka huku mishipa yake ikibaki kijani, hapo chuma ndicho kinachokosekana. Ongeza kidogo, kisha utazame majani yatakayoota baadaye, kwa sababu yaliyokwisha kuharibika hayarudi.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: usimwage mabaki mtoni, ziwani wala mtaroni. Kipande chenye vifundo viwili kinatosha kuanzisha mmea mpya, na gugu maji lililotoka Amerika Kusini limeshatuonyesha mmea mgeni unavyoweza kuziba maji ya watu. Mimi huyaanika juani hadi yakauke kabisa, kisha nayachanganya na udongo wa vyungu vya maua. Ila kabla ya kuyaanika nayaweka kwanza kwenye ndoo yenye maji ya tangi lilelile kwa saa moja hivi. Mara nyingi hutoka humo kifaranga cha samaki au viwili, wadogo kama kope, ambao nisingewaona kamwe.