Picha za slaidi za harusi: amua fremu kwanza

Ukikabidhiwa kazi ya kuandaa slaidi za sendofu au harusi, picha zenyewe huwa hazikupi shida kuzipata. Kamati ikishatangaza kwenye grupu la WhatsApp, zinamiminika: ya kipaimara iliyopigwa kwa simu juu ya albamu, ya mahafali kutoka kwenye kamera kubwa, selfi za wima, na ya pasipoti ya baba mzazi enzi za ujana wake. Ukizibandika zilivyokuja, moja itajaa ukuta mzima wa ukumbi, inayofuata itakuwa kijistari katikati ya giza.

Mimi sigusi picha yoyote kabla sijaamua fremu, yaani umbo na ukubwa wa slaidi. Runinga na projekta nyingi za sasa ni pikseli 1920 kwa 1080, yaani uwiano wa 16 kwa 9. Simu kwa kawaida hupiga 4 kwa 3, kamera kubwa nyingi 3 kwa 2. Kwa hiyo karibu kila picha utakayotumiwa itabidi ama ikatwe, ama iachiwe nafasi pembeni. Njia ya tatu, kuivuta mpaka ienee, isahau kabisa. Hakuna bibi harusi atakayekushukuru kwa kumnenepesha mbele ya wakwe.

Kukata nako kuna hesabu yake. Picha ya mlalo ya 4000 kwa 3000 ukiijaza kwenye 16 kwa 9 inabaki 4000 kwa 2250. Robo nzima ya kimo imeondoka. Programu ikiachwa ijiamulie, hukata sawasawa juu na chini, na hapo ndipo vilemba vya akina mama vinapopotea. Kata chini. Viatu havina wa kuvililia, kilemba kina mwenyewe. Halafu jitahidi macho ya watu yaangukie karibu na theluthi ya juu ya fremu katika kila slaidi. Hilo peke yake linatuliza onyesho kuliko madoido yote ya kuhamisha slaidi.

Picha za wima ndizo zinazowasumbua wengi. Ya 3 kwa 4 ikiwekwa kwenye kimo cha 1080 inapata upana wa 810 tu. Wengi huikuza picha hiyohiyo nyuma yake na kuitia ukungu. Si vibaya, ila ikirudiwa slaidi baada ya slaidi inachosha. Mimi huziweka mbilimbili: 810 mara mbili ni 1620, zinabaki 300, unagawa 100 kushoto, 100 katikati, 100 kulia. Na ukimweka binti pembeni ya mama yake alipokuwa na umri huohuo, MC hana haja ya kusema neno.

Sasa maski. Maski ni dirisha: picha iko nzima nyuma, wewe unachagua kipi kionekane. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, sehemu nyeupe ya maski inaonyesha na nyeusi inaficha, na picha yenyewe haijaharibika, unaweza kuisogeza hata usiku wa kuamkia shughuli. Ila fuata mpangilio huu: punguza ukubwa kwanza, maski baadaye. Chukua pembe za mviringo za pikseli 40. Ukizichora kwenye picha ya kamera yenye kimo cha 4000 kisha ukaishusha hadi 1080, mviringo unabaki kama pikseli 11. Kwenye picha yenye kimo cha 1200, unabaki 36. Namba ni ileile, ila pembe zinatofautiana, na kwenye ukuta mkubwa inaonekana. Ukimaliza, hifadhi kwa PNG, maana JPEG haibebi uwazi (sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma) na pembe zako zitajazwa rangi.

Asiyetaka kuhangaika na GIMP atumie PowerPoint. Fungua slaidi masta (kiolezo cha slaidi zote), chora humo nafasi ya kupokea picha yenye umbo na vipimo unavyotaka, kisha kila picha utakayoingiza itajikata yenyewe kuienea. Kazi yako inabaki kuingia kwenye zana ya kukata na kusogeza nyuso mahali pake.

Picha za zamani zina adabu yake. Ya pasipoti, milimita 35 kwa 45, iskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), utapata kimo cha karibu pikseli 1060, kinachotosha. Ukiiskani kwa 300, italazimika kukuzwa mara mbili na uso utakuwa uji. Kama huna skana, itoe kwenye nailoni ya albamu, ipige karibu na dirisha bila flashi, na uinyooshe kabla ya kuikata. Wanaokutumia kwa WhatsApp waombe watume kama dokumenti, isibanwe.

Jambo la mwisho, uliza ukumbi wana projekta gani. Kumbi nyingine bado zina za 1024 kwa 768, na slaidi zako za 16 kwa 9 zitaonyeshwa humo kwa 1024 kwa 576, zikiwa na mikanda myeusi juu na chini. Ukijua mapema, unatengeneza fremu ya 4 kwa 3 tangu mwanzo, na picha za simu za mlalo karibu hazihitaji kukatwa.