Shule imemkatalia bodaboda wangu: mtoto ni wangu au wa mwalimu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Tunaishi Nkuhungu. Asubuhi nampeleka mwenyewe kwa daladala, mchana anarudishwa na kijana wa bodaboda ninayemfahamu miaka minne. Sasa mwalimu mkuu ametangaza kuwa hakuna mtoto wa chini ya darasa la nne atakayetoka getini kwa pikipiki, hata mzazi akiandika barua. Basi la shule siliwezi. Mtoto si wangu? – Mama N., Dodoma

JIBU: Marahaba, Mama N. Mtoto ni wako, na nani amchukue ni uamuzi wako. Lakini kwa hili la pikipiki mwalimu yuko sahihi, maana kanuni za usafiri zinakataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Barua yako haiwezi kuhalalisha kosa, na akiumia hatua chache nje ya geti, mwalimu aliyemruhusu ataulizwa kabla yako.

Uaminifu wa kijana wako sijautilia shaka. Tatizo ni kimo. Mtoto wa miaka 7 akikaa nyuma, miguu haifiki pa kukanyagia, inaning'inia. Pikipiki ikiruka tuta hana pa kujikazia, na mguu unaweza kugusa bomba la moshi ukaungua. Begi la madaftari linamvuta kinyumenyume kila dereva anapoondoka kwa kasi. Saa nane mchana, jua la Dodoma na tumbo lililoshiba, anasinzia, mikono inalegea. Akiwekwa mbele ya dereva ni vibaya zaidi: breki ya ghafla inampiga kwenye usukani. Kofia ya mtu mzima nayo humgeuka kichwani au kumvuka kabla hajafika chini.

Kwa hiyo usigombanie pikipiki, gombania njia mbadala. Tafuta wazazi wawili wa Nkuhungu wenye watoto shule hiyo mchukue bajaji moja. Tuseme mmekubaliana 4,500 kwa safari: kila mmoja 1,500, na kwa siku 22 za masomo ni 33,000 kwa mwezi. Watoto watatu tu, wote kiti cha nyuma, aliye mdogo katikati. Asikae mtoto pembeni mwa dereva, hata kama bajaji "ina nafasi". Dereva atakuambia wote wanafanya hivyo, na ni kweli, wanafanya.

Kisha mpelekee mwalimu mkuu barua fupi yenye jina la dereva, namba yake ya simu, namba ya bajaji, picha yake, na jina la mtu wa pili atakayemchukua mtoto dereva akikwama. Fundisheni neno la siri: mgeni asiyelijua, mtoto haondoki naye, hata akisema mama amelazwa. Likivuja, badilisheni siku hiyo hiyo.

Kama hata hiyo ni ghali na njia si ndefu mno, watoto watembee kwa kundi, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma. Pasipo na njia ya miguu wapite kulia mwa barabara ili wayaone magari yanayowajia. Masika ya huku ni Desemba mpaka Aprili. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuwa mto mchana, hivyo pangeni mapema njia ya kuzunguka kupitia darajani, wala msiruhusu kuvuka kwa kuruka mawe.

Ukishapanga njia mbadala, hapo ndipo una haki ya kuibana shule. Ikiwa darasa la pili wanatoka mapema kuliko wakubwa, omba kwa maandishi mtoto asubiri ndani ya geti mpaka bajaji ifike, chini ya mwalimu wa zamu. Mwalimu mkuu akikataa bila sababu, peleka hoja kwenye kamati ya shule, na mwende wazazi watatu, si wewe peke yako. Waulizeni pia kwa nini wamepima kwa darasa. Wapo wa darasa la nne wenye miguu mifupi kuliko wa darasa la tatu.

Kijana wako mwambie asubiri. Binti akitimiza 9, mpandishe pikipiki ikiwa imesimama: nyayo zote mbili zikanyage vizuri, na kofia ya saizi yake, mkanda ukiwa umefungwa, isitikisike akitikisa kichwa. Kimoja kikishindikana, ni bajaji mwaka mwingine.