Kuusoma mwandiko wa karani wa Hobart

SWALI

Mzee wetu, shikamoo. Marehemu baba yangu alizaliwa Tasmania, kisiwa cha Australia, akaja Uganda kufundisha shule ya sekondari na kumwoa mama yangu, ambaye ni Mtoro. Katika karatasi alizoacha nimekuta nakala ya hati ya babu wa baba yake, aliyehukumiwa Uingereza na kufikishwa Hobart, mji wa kisiwa hicho, kwa meli mwaka 1844. Mwandiko umebanana na umejaa vifupisho kama T.L. na C.P. Penye kosa nasoma “stealing a house”, jambo lisiloniingia akilini, na chini yake kuna neno “Afsault”. Mjomba anasema mtu huyo alikuwa kama Omukama Kabalega tu. Nianzie wapi, na mkewe nitamjuaje?

Msomaji wa kike, Jinja

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na kauli ya mjomba, kwa sababu inahusu mahali pa kutafuta. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga, mfalme wa Buganda, walikamatwa mwaka 1899 wakiwa vitani, wakapelekwa Shelisheli kwa amri ya serikali, na habari zao zimo zaidi katika barua za maofisa. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki huko huko kwenu Jinja kabla ya kufika Bunyoro. Babu yenu alipita mahakamani, akahukumiwa kwa kosa la kawaida, akawa mmoja wa wafungwa zaidi ya 160,000 waliopelekwa Australia kati ya 1788 na 1868. Kwa watu hao serikali ilitunza rejista za mwenendo, na kwa jinsi unavyoieleza, nakala yako ni ukurasa wa rejista hiyo.

Ukurasa wa namna hiyo una mpangilio wake, nao utakusaidia kuliko miwani. Juu hukaa jina, meli, mahali na tarehe ya hukumu, na miaka ya adhabu. Kisha karani huandika kosa, taarifa ya gereza, na taarifa ya “Hulk”, yaani ile meli kuukuu iliyogeuzwa gereza ambamo mfungwa alingojea safari. Mara nyingi hufuata maneno ya mfungwa mwenyewe kuhusu kosa lake. Sehemu ya chini ni ya makosa aliyoyatenda koloni, kila moja na tarehe na adhabu yake. Ukijua neno gani linatarajiwa mahali gani, umeshasoma nusu ya ukurasa.

Usianze na neno linalokusumbua. Anza na yale ambayo huna shaka nayo, kama vile jina la babu, Hobart, “Transported” na “Report”, kisha chora kwenye karatasi nyingine umbo la kila herufi jinsi karani huyo alivyoiandika. Hapo ndipo utakaporudi kwenye “house”. Tazama r ilivyo ndani ya “Transported”, tazama u ilivyo ndani ya “Hulk” au “Conduct”, kisha ulinganishe na herufi ya tatu ya neno lako. Mimi nashuku ni “horse”, kwa kuwa wizi wa farasi uliadhibiwa kwa kunyongwa hadi mwaka 1832, na baada ya hapo kwa kuhamishwa ng’ambo, hivyo kulikuta kosa hilo katika ukurasa wa 1844 si ajabu. Hata hivyo yawezekana aliiba kutoka ndani ya nyumba, na neno dogo la “from” au “in” likakupita. Amua kwa herufi, usiamue kwa kile kinachopendeza.

“Afsault” ni “Assault”, yaani kumshambulia mtu. Makarani wengi wa wakati huo, penye s mbili, waliirefusha ya kwanza hata ikafanana na f. T.L. ni hati iliyomruhusu mfungwa kujitafutia kazi na ujira akiwa bado chini ya uangalizi; C.P. ni msamaha wenye masharti, uliompa uhuru lakini haukumruhusu kurudi Uingereza, F.S. ni aliyemaliza kifungo chake. Ukiona “h.l.”, ni kazi ngumu, na “do” ni sawa na hapo juu. Wm ni William, na Jno ni John.

Kumbuka kwamba ukurasa huo uliandikwa na watu zaidi ya mmoja kwa miaka kadhaa, kwa hiyo wino na mkono vikibadilika, orodha yako ya herufi ianze upya. Kumbuka pia kwamba karani aliandika pale tu babu yenu alipofikishwa mbele ya hakimu. Miaka aliyolima na kunyamaza haikupata wino, na wajukuu wengi humwona babu mlevi wa kudumu kwa sababu ya mistari mitatu au minne tu.

Nakala ya nakala hupoteza nukta na mikia ya herufi. Idara ya nyaraka ya Tasmania imeziweka rejista hizi kwenye intaneti bila malipo, basi pakua picha kubwa ya ukurasa huo huo. Andika kila mstari kama ulivyo, pamoja na makosa ya tahajia, na usipoelewa weka alama ya kuuliza. Kisha tafuta rejista ya maumbile, yenye kimo, makovu na chale. Kama penye mahakama pameandikwa C.C.C., yaani mahakama kuu ya jinai ya London kuanzia 1834, una bahati: kumbukumbu za kesi zake zilichapishwa kwa chapa na zinasomeka bure, na suala la farasi au nyumba litakwisha kwa dakika moja.

Kuhusu mke, mfungwa ambaye hajamaliza adhabu alihitaji kibali cha serikali ili aoe, na maombi hayo yana rejista yake katika nyaraka hizo hizo za Tasmania. Humo jina la mwanamume huandikwa pamoja na meli yake, na la mwanamke vivyo hivyo ikiwa naye alikuwa mfungwa. Ukilikuta jina la meli mbele ya jina la bibi yenu, mtafutie naye ukurasa wake wa mwenendo. Ukikuta ameandikwa kuwa huru, nenda kwenye rejista za ndoa na za ubatizo.