Barua kwa Kemunto: ile kura ya ndoa ya 2012

Mwanangu Kemunto,

Meseji yako niliiona Jumanne nikiwa mapumziko kazini na sikujibu, si kwamba nimekasirika, ni vile jibu lenyewe haliingii kwa meseji. Umeniuliza, "Mama, 2012 kwa ile kura ya ndoa ulisema ndiyo ama hapana?" Halafu ukaniambia rafiki yako wa chuo anafunga ndoa na msichana mwenzake mwezi wa nane, amekuomba uwe msimamizi, na hujui utamwambia babako nini. Sasa nimetoka shifti ya usiku, nimekaa hapa jikoni na chai, wacha nikuandikie pole pole na nikizunguka nivumilie, mambo mengine sijawahi kuyasema kwa mdomo.

Kwanza nikukumbushe kura yenyewe ilikuwa ya nini juu wewe ulikuwa na miaka 11, wewe unakumbuka tu zile bango kwa nyasi za majirani. Tuliulizwa kama katiba ya Minnesota, jimbo letu hili la Marekani, ibadilishwe iseme muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja pekee ndio ndoa. Watu wengi, hata hapa kwetu Brooklyn Park, walidhani tukisema hapana basi kesho yake wanaume wataanza kuoana. Haikuwa hivyo kabisa. Sheria ya jimbo ilikuwa imekataza ndoa hizo tangu 1997 na ingebaki pale pale. Kusema ndiyo ilikuwa ni kuongeza kufuli, kwamba hata bunge likija siku moja likitaka kubadilisha lisiweze mpaka lirudi kwa wananchi wote wapige kura tena. Na karibu majimbo 30 yalikuwa yamekwisha weka hiyo kufuli, North Carolina ndio walikuwa wa karibuni, Mei mwaka huo huo, kwa hivyo kila mtu alijua na sisi tutapitisha tu.

Kitu kingine, na hiki ushike vizuri. Hapa Minnesota katiba haibadilishwi na wingi wa waliojibu swali, inataka zaidi ya nusu ya watu wote waliopiga kura siku hiyo. Maana yake ukiacha swali bila kujaza, umehesabiwa hapana.

Hilo mchungaji alitueleza. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi alishika karatasi ya mfano juu tukaiona wote, akasema wapendwa msiache tupu, mkiacha tupu mmesema hapana. Akalisema kwa Kiingereza halafu akarudia kwa Kiswahili akina mama wa nyuma waelewe. Babako alikuwa shemasi, ndiye aligawa zile karatasi. Si kanisa letu peke yake, Wakatoliki pia askofu mkuu wao John Nienstedt alikuwa mstari wa mbele, na runinga nayo kila ukiwasha ni tangazo, upande huu unatisha watu kuhusu watoto shuleni, upande ule unaleta mzee na mkewe wamekaa sebuleni wanaongea kuhusu mtoto wao.

Mimi vita vya kanisa na kura nilikuwa nishaviona. Miaka 2 nyuma, Agosti 2010, nyumbani Kenya walikuwa na kura yao ya katiba, kijani ndiyo, nyekundu hapana, na makanisa mengi yalisimama na nyekundu. Mamako mkubwa alikuwa ananipigia simu usiku analia kabisa kwamba katiba ya shetani inapita. Ikapita kwa asilimia 67. Na unajua hiyo hiyo katiba kifungu cha 45 kinasema mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, imeandikwa, kwa hivyo tukiongea na watu wa nyumbani walikuwa wananishangaa, nyinyi huko bado mnabishana kitu gani?

Lakini hata mimi kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kwa hayo maneno ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, yanavyosemwa kama vile dunia haijawahi kuwa vingine. Babu yangu alikuwa na wake watatu, nyanya yangu alikuwa wa pili, na hakuna mtu Kisii angethubutu kusema ile haikuwa ndoa. Na kwetu, na kwa Wakuria, na kwa Wanandi, mama akikosa mtoto wa kiume alikuwa anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, watoto wakazaliwa wakawa wa boma lake, na mwaka 2011 mahakama kuu pale Mombasa ilikubali ndoa kama hiyo ya Wanandi kwenye kesi ya urithi. Usinielewe vibaya, sisemi ni kitu kimoja na hiki cha rafiki yako, ile ilikuwa ni mambo ya ukoo na urithi, hawakuwa wapenzi. Nasema tu nilipokuwa nasikia watu wanasema ndoa haijawahi kubadilika tangu Adamu, nilikuwa naona boma la babu na zile nyumba tatu.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata babako hajui.

Ile nyumba ya wazee nilikuwa nafanya wakati huo kulikuwa na mzee chumba cha mwisho, upande wa dirisha. Alikuwa mwalimu zamani, kiharusi kilikuwa kimemshika upande mmoja. Kila siku saa tano asubuhi kulikuwa na mzee mwingine anakuja, baridi iwe baridi, theluji iwe theluji, na theluji ya hapa unaijua, anakuja na themosi ya supu ya ule mchele mweusi wa hapa Minnesota. Anakung'uta viatu mlangoni, anavua kofia, anaweka taulo begani kwa mwenzake na kumnyoa, na si mashine, ni brashi na sabuni na maji moto, anavuta shavu hivi kwa kidole ili wembe upite. Mimi nimeosha wazee miaka mingi Kemunto, najua mkono wa mtu aliyelipwa na najua mkono wa mtu wa nyumbani. Walikuwa pamoja miaka 34. Kwenye fomu yake, pale pa uhusiano, mtu alikuwa ameandika "rafiki."

Ndugu wa damu alikuwa mpwa, anaishi jimbo lingine, nilimwona mara moja. Na yule mzee hakuwahi kusaini karatasi ya kumpa mwenzake mamlaka, kiharusi kilimkuta kabla. Akafa usiku, Februari 2011, mimi niko zamu. Nesi akafungua fomu akapigia mpwa, mpwa akasema mwili uchukuliwe asubuhi, yeye ndiye angepanga mazishi. Namba ya yule mzee mwingine nilikuwa nayo kwa simu yangu juu kuna siku gari lake lilikwama kwa theluji akaniomba nimwitie msaada. Nilikuwa nayo. Nikaogopa kazi, nikajiambia fomu ni fomu, sikupiga.

Mwenzangu wa zamu hakufika kwa ajili ya barabara kwa hivyo nikaendelea na shifti ya mchana, na saa tano nikamwona anaingia na themosi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Alisimama tu pale mlangoni, kofia bado iko kichwani, akaniuliza wamempeleka wapi. Nikamwambia sijui. Na kweli nilikuwa sijui, lakini mpaka leo hilo neno sijui naliona kama dhambi kuliko nyingi nilizotubu.

Miezi 3 baadaye ndio bunge likapigia kura hiyo habari ya kupeleka swali kwa wananchi. Kulikuwa na mbunge wa chama cha Republican anaitwa John Kriesel, alipoteza miguu yote miwili Iraq, alisimama akapinga chama chake, akainua picha ya Koplo Andrew Wilfahrt, kijana wa hapa Rosemount aliyeuawa Afghanistan Februari hiyo hiyo, na alikuwa ni mtu wa kupenda wanaume wenzake. Wakapitisha hata hivyo, 70 kwa 62. Lakini wazazi wa yule kijana walizunguka wakiongea na watu mpaka siku ya kura, na mimi nilipomsikia yule mama niliwaza tu, huyu amezika mtoto aliyekufa na sare ya nchi hii, na mimi uraia nimeupata juzi, ndio natakiwa kumwambia mtoto wake hakuwa na haki gani?

Basi Novemba 6. Ilikuwa kura yangu ya kwanza maishani hapa, nimetoka usiku sijalala, laini imezunguka jimu ya shule. Karatasi ndefu, vile vidude vya duara unajaza na kalamu nyeusi. Juu nikajaza Obama mkono unatetemeka kwa furaha, hiyo unaijua nilikwambia. Nikashuka nikafika kwa maswali mawili ya katiba. La pili lilikuwa la kutaka kila mpiga kura awe na kitambulisho cha picha, hilo nikajaza hapana bila kufikiria, nilijua wazee wangapi wangekwama. Nikarudi kwa la kwanza. Nilisimama pale muda mrefu hadi kijana wa kusimamia akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikisema ndiyo naona themosi. Nikisema hapana naona mchungaji na babako na kwaya yote. Nikaacha tupu, nikaenda nikaingiza karatasi kwa mashine ikaimeza.

Na nilikuwa najua tupu ni nini. Nilitaka kusema hapana na mkono wangu usionekane umesema. Kwa gari babako akaniuliza, "Umemaliza zote?" nikasema zote. Akafurahi akanishika mkono. Hiyo ndiyo nimebeba mpaka leo.

Hapana ikashinda, asilimia 51 na kidogo, ndiyo wakapata 47. Waliofanya kama mimi tulikuwa kama 40,000, na hata bila sisi ingeanguka, kwa hivyo siwezi hata kujisifu kwamba nilisaidia. Siku hiyo hiyo Maine, Maryland na Washington nao wananchi wakakubali hizo ndoa kwa kura. Halafu mambo yakaenda mbio, Mei 2013 gavana Dayton akatia saini sheria, na Agosti mosi saa sita usiku meya Rybak akaanza kufungisha ndoa pale City Hall ya Minneapolis, pea 46 mpaka alfajiri. Nilitazama kwenye habari sauti nimepunguza babako asisikie, nikiangalia wale wazee wenye mvi kama ntamwona wangu. Sikumwona.

Umeuliza pia naamini nini, na hapa sitaki kukudanganya ili unipende. Mimi naamini ndoa ya kanisani ni mume na mke, nimelelewa hivyo na nikifungua Biblia yangu ndivyo ninavyosoma. Kanisa letu likikataa kufungisha hizo ndoa liko ndani ya haki yake na sheria ya 2013 yenyewe imeliachia. Lakini katiba si Biblia, katiba ni ya yule mzee pia, analipa kodi kama mimi, na kuitumia ili siku mwenzake akifa aandikwe rafiki, hapana. Ningepewa ile karatasi leo ningejaza hapana na ningebonyeza kalamu. Unaweza kuona hayo mawili hayakai pamoja, wenzangu wengi wa kanisani wataniambia hayakai, na wenzako wengi wa chuo pia. Mimi yamekaa pamoja ndani yangu zaidi ya miaka kumi na bado naenda ibada.

Desemba tukienda nyumbani tafadhali usianzishe hii stori kwa nyanya yako, na usiiseme ovyo kwa matatu. Kule bado kuna kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kile kinachotumika kwa mapenzi ya jinsia moja, miaka 14 jela, mahakama kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Sisemi uone aibu, nasema uangalie ni nani mwingine yuko kwa chumba anayeweza kuumia.

Kuhusu babako, usimwambie wewe. Si kazi yako kunifichulia. Leo jioni akitoka kazini ntamwekea ugali na zile mboga za managu anazopenda, akimaliza kula ntamwambia nilivyomdanganya kwa gari 2012, halafu ndio ntamwambia habari ya harusi. Atanyamaza siku mbili tatu, unamjua. Akikubali kuja tutakuja wote, akikataa mimi ntakuja peke yangu na basi, na hilo pia ntamwambia leo.

Nitumie picha ya hiyo nguo ya wasimamizi nione ni rangi gani, kuna kitenge nilichukua kwa dada yako mkubwa hakijawahi kushonwa. Na muulize rafiki yako kama kwao watu wazee wanakaa mbele ama nyuma, nisije nikakaa pahali si pangu.

Mamako