Fataki, si rangi ya kwanza

SWALI: Mpwa wangu yuko Marekani, na anapenda kujaza mwenyewe risasi za bunduki. Kanitumia makala ya kulinganisha vile vidude vya kuripulia baruti, Kiingereza primer, neno lile lile la rangi ya kwanza ya ukuta. Simu imenitafsiria "rangi za kwanza za bunduki". Niseme praima, kiwashio au fataki? – Msomaji, Wete.

JIBU: Sema fataki, bwana wangu, ulale. Neno hilo tunalo tangu zama za magobori, na kila mtoto aliyekwenda sikukuu Mnazi Mmoja analijua kwa masikio yake. Kwamba siku hizi fataki ni mtu mzima anayerubuni wanafunzi, hilo lisikutie haya. Ya bunduki ilitangulia. Kiwashio kawashie jiko. Praima mwachie fundi wa rangi.

Kilichonikera mimi ni hiyo "kujaza risasi". Risasi haijazwi kitu! Ni Kiarabu, rasasi, yale madini mazito na laini. Mvuvi wa Nungwi akifunga chubwi kwenye mshipi, kafunga risasi. Kinachojazwa ni ganda: fataki kitakoni, baruti katikati, risasi mdomoni. Vyote vinne vikishakaa pamoja, wazee wakisema kiasi cha bunduki. Sisi tumekiacha kiasi, tukaitwika risasi mzigo wote. Juzi namsikia mtangazaji: "Risasi tatu zimeokotwa pale zilipopigwa risasi." Zimeokotwaje, na zilizopigwa zimeshakwenda zake? Kilichookotwa ni maganda, baba, maganda! Na mtangazaji huyo huyo ukimtuma dafu hakuletei koroma. Nazi anaijua tangu kidaka, kitale, mpaka makumbi na kifuu chake. Bunduki inayotoa roho ya mtu kaipa neno moja.

Sasa soma makala ya mpwa wako uone faida. Fataki za bunduki ndefu ni ndogo, upana milimita 4.45, na kubwa, 5.33, kadiri ya punje ya pilipili manga. Ndani mna dawa inayopondwa baina ya kikombe, yaani bati la fataki yenyewe, na fuawe, ikaripuka. Naam, fuawe, ile ile ya mhunzi. Fataki ya Boxer, Mwingereza, ina fuawe yake yenyewe. Ya Berdan, Mmarekani, haina, fuawe imo kwenye ganda. Na Wamarekani wanaojijazia wanaipenda ya Mwingereza, kwa sababu ganda lake lina tundu moja katikati, na fataki iliyokwisha husukumwa ikatoka. Ukiita vyote risasi, hapo umeelewa nini?

Haya, aliyepigwa risasi na aendelee kupigwa risasi, sitagombana na mji mzima. Hata wewe ukisema mpwa wako anajaza risasi, nitafumba macho. Lakini wiki iliyopita nimekuta tangazo la "risasi za shaba tupu". Sonara akikuuzia pete ya dhahabu ya fedha tupu, utamlipa?