Muulize Fundi: Nina laki nane, ninunue rauta au niende chuo?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Makorora hapa Tanga, form four nshamaliza, nataka kuingia useremala ila sio wa vitanda, nataka milango, madirisha na makabati ya jikoni. Mjomba kanipa laki nane. Washkaji wananambia nichukue rauta (ile mashine ya umeme ya kuchonga mifereji na kingo za mbao) na msumeno wa umeme nianzie nyumbani, mama anataka niende chuo cha ufundi, VETA. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mashine acha kwanza, na nakwambia hivi kwa sababu nawaona vijana wengi wananunua rauta alafu mlango wa kwanza tu mteja anaurudisha. Kazi ya mlango wa paneli, yani fremu yenye ubao mpana katikati, iko kwenye maungio, pale ambapo mteja hapaoni. Ubao ukipata unyevu unatanuka kwa upana, kwa urefu karibu haubadiliki, na sisi huku pwani unyevu upo mwaka mzima, masika yakiingia mlango unagoma kufunga, jua likiwaka paneli inapasuka katikati. Ndo maana fundi anayejua anaacha nafasi ndogo ndani ya gruvu, ule mfereji wa kwenye fremu, na paneli haiwekwi gundi wala msumari, inabaki huru icheze, gundi inakaa kwenye maungio ya fremu tu, yani ulimi (ncha ya ubao iliyochongwa) na tundu (shimo ulimi unapoingia). Hayo yote rauta haikufundishi.

Kwaiyo tafuta fundi wa milango, na usimfuate kwa jina, nenda kaangalie kazi zake. Tazama pembe, kama zimejazwa unga wa mbao na gundi kuficha uwazi, mshukuru uondoke. Tazama na mbao zake zimekaaje: zimepangwa kivulini, zimenyanyuliwa toka chini, katikati ya ubao na ubao kuna vijiti hewa ipite? Anayetoa mbao mbichi kwenye gari na kuziranda siku hiyohiyo atakufundisha makosa. Mwanzoni utafagia na kushikilia mbao, hilo vumilia, ila miezi ikipita bado unatumwa soda tu, ongea naye kwa adabu, ikishindikana hama.

Mama naye yuko sahihi, nenda VETA Tanga uulizie useremala na ada yake, chuo kinakupa kusoma mchoro na hesabu za vipimo ambazo mafundi wengi wa mtaani hawana. Na hata ukijifunzia karakana, VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini na kumpa cheti, kwaiyo usione kama ukichagua kimoja kingine kimefungwa. Ningekuwa wewe ningeanza karakana nione kama mikono inaipenda kazi, alafu ndo chuo.

Pesa toa kidogo tu ununue futi, skwea, msumeno wa mkono, randa, patasi za upana tofauti na jiwe la kunolea, maana patasi butu inateleza na inakata mkono. Kila jioni omba vipande vinavyotupwa ukate tundu na ulimi. Ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao, yani ubao wa inchi moja na nusu ulimi ni nusu inchi, na uingie kwa kusukuma na kugonga kidogo, ukiingia wenyewe umelegea, ukitaka nyundo ya nguvu utapasua ubao. Usihesabu vingapi, kata mpaka pembe ikae skwea bila kuilazimisha.

Mninga na mkongo usiziguse sasa hivi, ni ghali kuharibia. Fanyia paina, baadaye mtiki, huo hatuufuati mbali, shamba la Longuza liko hapo Muheza. Ukinunua mbao dai risiti na hati ya kusafirishia, TFS, wale wakala wa misitu, wakikukamata nazo bila karatasi utapoteza mzigo wote.

Pesa inayobaki mwachie mama akutunzie. Mteja wa kwanza advansi yake huwa haitoshi hata mbao, hapo ndo utaihitaji.